Jabali la Ndege, Nyumba ya Mutuka

Kituo cha ndege, Svalbard
9 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Nimefika. Nimepanda ndege mara tatu, meli mara moja, na mwisho boti ndogo iliyonitapisha mbele ya watu ambao ndiyo kwanza nilikuwa nawasalimia. Sasa nimekaa ndani ya kibanda cha mbao chenye upana wa kitanda chako. Nimevaa suruali tatu. Mbele yangu kuna jabali lililosimama wima kutoka baharini, na limejaa ndege mpaka mwamba wenyewe hauonekani vizuri. Kelele zao ni kama mnada wa ng'ombe, na harufu yao usiniulize.

Wenyeji wa Norway humwita ndege huyu lomvi. Mgongo mweusi, kifua cheupe, anasimama wima kama padri anayesubiri wimbo wa kuingilia. Hajengi kiota. Jike hutaga yai moja tu juu ya mwamba mtupu, ukingoni, na chini ni bahari ya barafu. Wanapokezana kulilalia, baba na mama, mmoja akienda kuvua. Kazi yangu ni kukaa na darubini na kuangalia nani amekuja, nani ameondoka, nani kaporwa yai na shakwe. Wewe ulinisomesha kwa kunifukuzisha kwelea kwenye mtama, na leo nimevushwa bahari kuja kuwatazama ndege wakila.

Jua halizami kabisa. Mkubwa wetu wa kazi, mama mmoja wa makamo anaitwa Solveig, amenipa kitambaa cheusi nijifunge machoni ili nilale. Kila tukitoka kuna mtu mwenye bunduki kwa sababu ya dubu weupe, lakini usiwe na wasiwasi, sijamwona hata mmoja.

Simu huku hazishiki, na mtandao tunafungua Jumapili tu. Kwa hiyo iwe kama tulivyokubaliana. Andika kwa karatasi, umpelekee Filbert wa stesheneri pale stendi, atapiga picha na kunitumia. Zangu nami nitaziandika kwa mkono na kuzipiga picha, atakuchapishia. Nataka mwandiko wako, Baba, siyo ujumbe wa mkato wa Filbert.

Kaka Rogath amesema atatoka machimboni Mirerani lini? Sipendi ukae peke yako na chumba cha Mama kimefungwa.

Binti yako,
Xaveria


Mutuka, Babati
16 Juni 2024

Mwanangu Xaveria,

Marahaba. Barua yako imefika na imesomwa mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya hao mapadri wako wa baharini. Mimi ni mzima. Mahindi yamekauka shambani na wiki hii tumeanza kuvunja. Mbaazi zinaendelea. Mlima Kwaraa bado uko pale pale, ukitaka kujua.

Rogath hajaja. Alituma salamu kwamba shimo lao linakaribia kwenye mawe ya maana, kama linavyokaribia kila mwaka. Usimsumbue. Hapa tunakula vizuri, nyumba inafagiliwa, na kile chumba tumekifungua kipate hewa.

Nataka uniandikie zaidi habari za hao ndege. Eleza polepole kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuona ndege. Barafu ina rangi gani? Ni nyeupe tu, au ina rangi nyingine ndani? Na jua lisipozama, kivuli cha mtu kinakwenda wapi? Mambo kama hayo. Usiogope kurefusha. Jioni zangu ni ndefu.

Na usirudi kabla kazi haijaisha, hata ukisikia nini. Nimewaambia watu wote wa jumuiya kwamba binti yangu anafanya kazi mahali ambapo dunia inaishia. Ukirudi mapema utaniaibisha.

Baba yako,
Nestory


Svalbard
30 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena, na Jumapili nzima sikuweza kujibu. Sasa nauliza, na unisamehe kama nauliza vibaya.

Ule mwandiko si wako. Mwandiko wako naujua tangu uliponiandikia jina langu kwenye begi la shule. Herufi zako zinaegemea kushoto kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Hizi zimenyooka na zina mikia mizuri. Ni za mwanamke. Halafu kila mahali ni sisi. Tunakula. Tumeanza kuvunja. Tumekifungua. Kile chumba ni cha Mama, Baba. Nani amekifungua na wewe?

Ningenyamaza, lakini Filbert alipotuma ile barua aliweka na ujumbe wake chini: "Dada mambo! Mzee yuko poa sana, siku hizi anakuja mjini ameshikwa mkono na mama mmoja hivi, wanatembea taratibu kama maharusi." Filbert anadhani ananifurahisha.

Miaka miwili haijaisha tangu tumzike Mama. Sisemi ukae mgane mpaka kufa. Nasema ungeniambia mimi kwanza, kabla ya kutembea barabara nzima ya Babati na huyo mama aliyekushika mkono, watu wote wakiona isipokuwa mimi.

Uliomba habari za ndege. Kuna dume mmoja ukingo wa juu ambaye mwenzake hakurudi kutoka baharini. Alilikalia yai peke yake mpaka njaa ikamshinda, akaruka kwenda kuvua, na shakwe akalichukua yai pale pale. Amerudi. Anasimama mahali lilipokuwa, juu ya mwamba mtupu, ameinamisha kichwa kama bado lipo. Yeye bado anangoja.

Barafu ina rangi ya buluu ndani.

Xaveria


Mutuka, Babati
8 Julai 2024

Binti yangu Xaveria,

Hatujaonana mimi na wewe. Naitwa Benadetha, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Singe, na mwaka jana baada ya kustaafu nilinunua nyumba ya marehemu Elieza, hapo jirani na kwenu. Mwandiko uliouona ni wangu. Nimefundisha darasa la kwanza karibu maisha yangu yote ya kazi, ndiyo maana herufi zimesimama mstarini.

Baba yako hajui kwamba naandika barua hii. Ametukataza, mimi na Filbert, na Filbert alitii vibaya kama ulivyoona. Mimi sitii kabisa.

Xaveria, baba yako haoni.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukungu ulianza muda mrefu, nadhani hata kabla mama yako hajafariki, akaficha. Nilipohamia hapa alikuwa bado anaona mwanga na vivuli vya watu. Ulipokuja kumuaga mwezi wa tano alikaa siku zote mbili kwenye kiti kimoja barazani ili usimwone akipapasa. Baada ya wewe kuondoka nilimkuta amesimama katikati ya shamba, amepoteza njia ya kurudi nyumbani kwake mwenyewe. Aliniambia, "Mwalimu, nilikuwa nakagua mahindi." Sikumbishia. Nikamshika mkono tukarudi. Toka siku hiyo huwa namshika mkono, na wanaotaka kusema maharusi waseme.

Chumba cha mama yako kilikuwa kimeingia panya. Tulikifungua, tukafagia, tukatoa nguo zake juani, tukazirudisha. Yeye alikaa mlangoni akitaja kila gauni kwa kuligusa.

Sasa fikiri. Barua yako ilipofika, nani alimsomea? Ni mimi. Nilipofika pale pa "huyo mama aliyekushika mkono" nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Hapa mwandiko haueleweki."

"Mwandiko wa Xaveria unaeleweka hata na kuku. Soma, Mwalimu."

Nikasoma mpaka mwisho, na yule ndege anayengoja. Baba yako akacheka kwanza, akasema, "Kumbe mimi bado kijana!" Halafu akaomba leso yake. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akasema usijibiwe, kwa maana ukijibiwa ukweli utaacha kazi urudi, na afadhali umdhanie malaya kuliko urudi.

Nakuandikia kwa sababu mwisho wa mwezi huu madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni. Ni upasuaji mdogo tu, lakini amekataa. Rafiki yake Teodori alipelekwa kwa mtu fulani wa mnadani aliyemsukuma jicho kwa sindano. Aliona siku chache, halafu giza likamfunga moja kwa moja. Baba yako anasema mwanga kidogo alionao hataki kuuchezea. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Labda wewe atakusikia.

Sikuandiki kwa hasira. Ningekuwa wewe ningeandika barua kali kuliko yako.

Mwalimu Benadetha


Svalbard
14 Julai 2024

Baba, shikamoo. Na Mwalimu, shikamoo, maana najua ni wewe unayesoma.

Mwalimu, nisamehe. Sina maneno mengine, nikiyatafuta nitaharibu. Uliposoma barua yangu kwa sauti yako mwenyewe bila kuruka neno, ulifanya jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Baba, usimkasirikie. Sirudi. Boti ya kututoa inakuja mwezi wa nane, na kabla ya hapo hata nikitaka siwezi, labda niogelee. Kwa hiyo hofu yako ya kwanza imekwisha, tuizike.

Na mimi nilikuficha jambo. Kabla sijaondoka niliambiwa kwamba nikifanya kazi vizuri naweza kubaki huku kusoma, miaka mitatu, nikija nyumbani likizo. Solveig ameniuliza tena wiki hii. Nilikuwa nimeamua kukataa bila kukwambia, kwa sababu ya wewe kukaa peke yako. Sisemi hivi ili nikubane. Hata ukikataa kwenda hospitali, mimi nitabaki binti yako na nitakusomea barua mwenyewe. Nasema tu kwamba tumekuwa tukidanganyana kwa ajili ya kulindana, na hakuna aliyelindwa.

Kuhusu Teodori. Yule wa mnadani hakumtibu, alimsukumia ukungu ndani ya jicho. Hospitali wanautoa na kuweka kioo kidogo mahali pake. Nimemuuliza daktari wa kituo chetu na amenichorea. Wanaanza jicho moja. Lile jingine linabaki kama lilivyo, na mwanga wako mdogo unabaki nao mpaka utakapoamini.

Makinda yameanguliwa. Ukubwa wa ngumi, manyoya kama pamba iliyochafuka. Solveig ananiambia kwamba hayatakaa mpaka mabawa yaote. Baada ya wiki chache kila kinda litajirusha kutoka kule juu likiwa halijui kuruka, kwa sababu baba yake anaita chini. Mama hubaki jabalini. Ni baba anayeondoka na mtoto baharini na kumlea huko. Nimesoma habari hiyo vitabuni tangu chuo, lakini sasa nikiwatazama hapo ukingoni, baba kwa mtoto, kifua kwa kifua, sielewi kabisa mtu anawezaje kujirusha kwa kuamini sauti.

Wewe umeishi kwa sauti mwaka mzima, Baba. Labda unielezee wewe.

Xaveria


Mutuka, Babati
21 Julai 2024

Mwanangu Xaveria,

Leo sifichi, anayeandika ni Mwalimu na mimi nasema. Nimemwambia aandike kila kitu kama ninavyokisema. (Nimeandika.)

Kwanza, hilo la kusema utanisomea barua mwenyewe, mimi sitaki. Mwalimu anasoma vizuri kuliko wewe. Wewe unakimbia. (Sikumwambia aseme hivi.)

Pili, nimekasirika kwa ajili ya miaka mitatu. Ulitaka kuitupa bila kuniuliza? Mama yako alipokuwa anauza maziwa Bagara asubuhi na umande wake, alikuwa anaona nini mbele, kama si hicho? Tutaliongea nikikutazama usoni. Siwezi kugomba na mtu nisiyemwona.

Tatu. Naogopa. Andika hivyo hivyo, Mwalimu. Naogopa kisu jichoni kama mtoto. Vivuli vyangu nimevizoea. Najua mlango ulipo kwa mwanga wake, najua ng'ombe kwa weusi wake, na Mwalimu anapoingia giza linasogea kidogo, najua ni yeye. Nikivipoteza hivyo, nitabaki na nini?

(Hapa alisukuma kikombe chake kando. Nikamuuliza kama nifunge barua. Akasema ngoja.)

Umeuliza mtu anawezaje kujirusha kwa kuamini sauti. Haamini, mwanangu. Siku ile shambani, Mwalimu aliponiita, sikumwamini hata kidogo. Nilikuwa namjua kwa salamu za jirani tu. Nilikwenda kwa sababu kusimama pale kulikuwa kumenishinda. Nadhani na hayo makinda yako ni hivyo hivyo. Ukingo unawashinda.

Basi Alhamisi tunakwenda. Filbert amejipa cheo cha dereva, ameazima bajaji ya Cornel. Niombee, na mwombee na Filbert ajifunze kunyamaza.

Baba yako,
Nestory


Svalbard
4 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Jumapili iliyopita ukungu uliziba, mtandao ukakataa. Leo umefunguka na sijakuta kitu chochote kutoka kwenu. Nimemwandikia Filbert, hajajibu, yeye ambaye hajawahi kunyamaza maishani. Najua upasuaji ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita. Najua pia kwamba barua zinachelewa.

Nakuandikia ingawa hujanijibu, kwa sababu nikikaa bure nawaza.

Makinda yameruka. Tulishuka ufukweni na Solveig tukakaa nyuma ya mawe, na bahari ilikuwa shwari. Chini majini madume walikuwa wamejazana, kila mmoja akiita kwa sauti yake nzito, na juu makinda yakijibu kwa mluzi. Kwa muda mrefu hakuna lililothubutu. Halafu moja likatoka. Halikuruka, Baba, lilianguka huku limetandaza vibawa visivyoota, likagonga mwamba, likadunda, likaangukia kwenye changarawe mbali na maji. Nikashika mkono wa Solveig. Likainuka. Likaanza kukimbia kuelekea majini likipiga mluzi, na mbweha akatoka kwenye mawe.

Sitakuficha, lile halikufika. Wala lililofuata.

Nilitaka kuondoka. Solveig, ambaye hapendi maneno, akaniambia, "Kaa. Ukiondoka sasa utabaki na hayo mawili tu." Nikakaa. Na yakaanza kumiminika. Kumi, ishirini, halafu sikuweza tena kufuatilia, yanaanguka kama mtu amepasua gunia juu, mengine majini moja kwa moja, mengine kwenye mawe, yanadunda, yanainuka, yanakimbia. Mbweha alichanganyikiwa, ana mdomo mmoja tu. Na kila kinda lililogusa maji lilizunguka likiita mpaka dume mmoja akaja mbio, wakagusana midomo, wakageuka pamoja kuelekea bahari kuu. Hakuna aliyetazama nyuma.

Nimeishi nikidhani ujasiri ni kuona mbele vizuri. Yale makinda hayaoni mbele. Nimelia, Solveig akajifanya anafuta darubini.

Nimemwambia nitakubali ile miaka mitatu, ukisema ndiyo. Hata kama hujapona. Tutapanga namna. Lakini niambie tu, hata kwa neno moja. Mtandao wanaufunga sasa hivi.

Xaveria


Mutuka, Babati
4 Agosti 2024

Mwanangu Xaveria,

Angalia herufi. Zinaegemea kushoto.

Nilikatazwa kuinama na kushika kalamu mpaka jicho litulie, ndiyo maana kimya kimekuwa kirefu. Filbert alitaka kukuandikia, nikamnyang'anya nafasi hiyo. Nilitaka uipate kutoka mkononi mwangu. Kama uliteseka kwa kungoja, nisamehe, ni majivuno ya mzee.

Kisu sikukisikia. Nilisikia maji, na daktari akiongea na muuguzi habari za kuku. Wakafunga bandeji, nikalala nayo. Asubuhi akaja daktari kijana, akaniketisha kando ya kitanda, akasema, "Mzee, fungua taratibu." Sikufungua. Akasema tena. Nikamwambia, "Ngoja kwanza nisali." Nikasali sala zote ninazozijua, mpaka zile za mavuno. Yule kijana alingoja.

Nilichokiona kwanza ni ukuta. Wa kijani, umebanduka rangi kwenye kona. Xaveria, ukuta ule ulikuwa mzuri. Nikaona vidole vyangu, nikashangaa jinsi vilivyozeeka. Nikaona dirisha, na nje mtu ameanika shuka, na shuka linapigwa na upepo.

Kisha nikamwona mama mmoja amesimama mlangoni amejifunga kitenge cha zambarau. Mrefu, mwembamba, nywele zimeanza mvi, anafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Nikamwambia, "Shikamoo Mama, karibu. Umekuja kumwona nani?"

Wagonjwa wote wodini wakacheka. Daktari akacheka. Yule mama akasema, "Mzee Nestory, ni mimi."

Sauti ile naijua kuliko ya kwangu. Imenisomea barua zako zote, imeniita nilipopotea, imegombana na mimi kwa ajili ya chumvi. Lakini alihamia hapa macho yangu yakiwa tayari yamekwenda. Sijawahi kumwona. Mwaka mzima nilikuwa namfikiria mfupi na mnene. Nilimtazama mpaka akaniambia niache. Sikuacha.

Usichukue kalamu kwa hasira. Sijamwambia lolote. Nakwambia wewe kwanza, kama ulivyotaka. Na miaka mitatu jibu ni ndiyo, kasome.

Barua hii Mwalimu hajaisoma. Naipeleka kwa Filbert mwenyewe, kwa miguu yangu, sijashikwa mkono, na nitazungukia Bagara ingawa ni mbali, nikatazame nyumba zote zilizojengwa nikiwa sioni.

Baba yako,
Nestory